Bodi Inawaka Taa, Kompyuta Haiioni: Kutatua Draiva ya USB

Bodi ya majaribio, kama Arduino au ESP32, inapochomekwa na kompyuta isiione, wengi hukimbilia kutafuta draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na kifaa. Draiva inaweza kuwa na kosa, lakini mara nyingi kosa hutokea kabla ya kuifikia: kwenye kebo, kwenye tundu au kwenye bodi yenyewe. Kwa mtu aliye Masasi, Nachingwea au Kilwa Masoko anayetegemea bando la simu, kukosea hapa ni hasara. Programu ya kuandikia kodi za STM32 (chipu za kampuni ya ST) peke yake hufika karibu gigabaiti moja, na haitasaidia lolote ikiwa kebo iliyochomekwa ni ya kuchajia simu tu.

Maelekezo haya yanafuata mpangilio ambao USB yenyewe huufuata. Usiruke hatua, hata kama unaamini unalijua jibu.

Kinachotokea kebo ikiingia

Ndani ya kebo ya USB 2.0 kuna nyaya nne: nyekundu ya volti 5, nyeusi ya ardhi, na mbili za data, ya kijani ya D+ na nyeupe ya D−. Bodi nyingi za aina hii huongea kwa kasi ya megabiti 12 kwa sekunde, na hujitangaza kwa kuvuta waya wa D+ hadi takribani volti 3.3 kupitia rezista ya kiloomu 1.5. Kompyuta ikihisi mvuto huo huiamuru bodi ianze upya, kisha huiuliza ni nani. Bodi hujibu kwa namba mbili zenye tarakimu nne kila moja (0 hadi 9 na A hadi F): ya kwanza, VID, ni ya mtengenezaji, ya pili, PID, ni ya bidhaa. Hapo ndipo Windows inapopekua faili zake za INF, zinazoeleza draiva ipi ni ya kifaa kipi, kutafuta ile iliyoandikwa namba hizo.

Hadi bodi inapotaja namba zake, draiva ya bodi haijahusika hata kidogo. Bodi isiyotaja namba haiponi kwa draiva, hata upakue ngapi.

Kwa hiyo anza kwa kutazama. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `devmgmt.msc`, bonyeza Enter. Dirisha la Device Manager lifunguke kabla hujachomeka bodi. Sasa chomeka huku macho yako kwenye orodha. Orodha ikipepesa na kujipanga upya, kompyuta imehisi kitu. Isipotikisika, na sauti ya kuchomeka isisikike, uko kwenye kimya kabisa, na utafutaji wako ni wa mikono, si wa intaneti.

Kimya kabisa

Taa nyekundu ya bodi kuwaka haithibitishi chochote kuhusu data. Taa inahitaji volti 5 na ardhi tu. Kebo nyingi zinazouzwa pamoja na chaja za bei nafuu, redio na tochi zina nyaya hizo mbili peke yake. Kwa nje huwezi kuzitofautisha na kebo kamili.

Jaribio la haraka: chomeka simu yako kwenye kompyuta kwa kebo hiyo hiyo. Simu ikiishia kuchaji bila kuleta chaguo la kuhamisha faili, kebo hiyo irudishe kwenye chaja. Ikiwa kichwa cha kebo hakiingii kwenye simu yako, tumia multimita kwenye mlio wa kupima mwendelezo. Upande wa USB-A, pini ya 1 ni volti 5, ya 2 ni D−, ya 3 ni D+, ya 4 ni ardhi. Upande wa micro-USB mpangilio ni huo huo kwa pini tatu za kwanza, ila ya 4 ni ya utambulisho na ardhi iko pini ya 5. Pini ya 2 na ya 3 zote zilie. Ikilia moja tu, waya umekatika ndani, aghalabu karibu na kichwa ambako kebo hukunjwa kila siku.

Urefu nao una gharama yake. Waya mwembamba wa namba 28 AWG una ukinzani wa takribani omu 0.21 kwa kila mita. Kebo ya mita 2 hufanya umeme usafiri mita 4, kwenda na kurudi, yaani karibu omu 0.85. ESP32 ikiwasha Wi-Fi na kuvuta miliampia 400 kwa mpigo, volti 0.34 zinapotea njiani na volti 5 inakuwa 4.66. Bodi nyingi za ESP32 zina dayodi njiani inayokula nyingine takribani 0.3, kisha regulata ya AMS1117 ambayo ili itoe 3.3 inahitaji ingizo lisiloshuka chini ya kama 4.4. Bodi inajizima, inajiwasha, inajizima. Kwenye Device Manager utaiona inatokea na kutoweka, na mtu atasema draiva haishiki. Tumia kebo isiyozidi mita 1, chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta bila habu, na kwenye kompyuta ya mezani tumia matundu ya nyuma, kwa sababu yale ya mbele huunganishwa kwa waya wa ziada ndani ya kasha.

Kuna jambo la pwani ambalo maelekezo ya watengenezaji hayaligusi. Hewa ya Shangani, Mikindani au Lindi mjini ina chumvi na unyevu, na tundu la USB lisilofunikwa hushika kutu. Kwenye sehemu za shaba huonekana ukungu wa kijani. Pini za data hupitisha mkondo mdogo mno, hivyo tabaka jembamba la uchafu linaweza kuzikwamisha wakati pini za umeme bado zinafanya kazi. Chomoa bodi, sugua tundu kwa mswaki laini uliolowanishwa isopropili ya asilimia 90 au zaidi, acha dakika 10 likauke. Usitumie mafuta wala pafyumu. Kisha piga picha tundu hilo kwa kamera ya simu ukiikuza: tundu la micro-USB hung'oka taratibu kwenye bodi, na pini zake zikiachia risasi ya kulehemu utaona mpasuko mwembamba kama unywele.

Kebo ikiwa nzima na tundu safi, tazama bodi yenyewe.

Baadhi ya bodi zina matundu mawili ya USB, na moja tu ndilo unalolihitaji. Kwenye STM32F4 Discovery, tundu la mini-B ni la ST-LINK, kifaa cha ST cha kupakia programu kilichomo kwenye bodi. Lile dogo la micro ni la chipu kuu, na halionekani kwenye kompyuta hadi programu iliyomo iwe imeandikwa kutumia USB. ESP32-S3-DevKitC-1 nayo ina mawili, yameandikwa UART na USB. Kwenye bodi za Nucleo za ST zenye pini 64 za muundo wa MB1136, jampa (kofia ndogo inayounganisha pini mbili) ya JP5 lazima iwe upande wa U5V kama umeme unatoka kwenye USB. Ikiwa upande wa E5V, chipu kuu inasubiri umeme wa nje.

Bodi za bei nafuu zenye tundu la USB-C zina ugonjwa wa pekee. Kompyuta yenye tundu la C haitoi umeme hadi ione rezista mbili za kiloomu 5.1 kwenye pini za CC za bodi. Mtengenezaji akiziacha ili kubana gharama, kebo ya C kwa C haitawasha hata taa, lakini kebo ya A kwa C itafanya kazi vizuri. Tumia hiyo, usihangaike.

Mwisho wa kundi hili ni bodi ambazo chipu yake kuu ndiyo inayoongea USB bila chipu ya kati. Programu mbovu ikiingia, USB inakufa nayo, na bodi inaonekana imekufa. Haijafa. Kila aina ina mlango wake wa dharura. Raspberry Pi Pico: shikilia kitufe cha BOOTSEL huku ukichomeka, na diski iitwayo RPI-RP2 itajitokeza. STM32 zenye USB: weka pini ya BOOT0 kwenye volti 3.3, bonyeza reset, na kompyuta ione kifaa chenye VID:PID ya 0483:DF11. ESP32-S3: shikilia BOOT, bonyeza na kuachia reset, kisha achia BOOT. Arduino Leonardo na Pro Micro: ziguse reset mara mbili haraka na una takribani sekunde 8 za kupakia programu nyingine. Hizi za mwisho hubadilisha PID zinapoingia katika hali hiyo (Leonardo ni 2341:8036 ikiwa kazini na 2341:0036 ikiwa mlangoni), kwa hiyo Windows huzipa poti nyingine ya COM, yaani mlango wa mawasiliano ambao programu hufungua kuongea na bodi. Huo ndio utaratibu wake wa kawaida.

Imehisiwa lakini haijajitambulisha

Ukiona maandishi «Unknown USB Device (Device Descriptor Request Failed)» na namba ya kosa 43, na ndani yake VID ni 0000, maana yake kompyuta iliona mvuto wa D+, ikauliza, isipate jibu linaloeleweka. Bado si draiva. Kubofya «Update driver» hapa ni kupoteza muda.

Badilisha kebo kwanza, kisha tundu, kisha kompyuta. Ukiwa na kompyuta yenye matundu ya bluu ya USB 3, jaribu jeusi. Chomoa pia kila kitu kilichounganishwa kwenye pini za bodi: mota, relei, moduli ya GSM. Moduli ya GSM inaweza kudai hadi ampia 2 kwa mpigo, wakati tundu la USB 2.0 linaahidi miliampia 500 tu.

Kosa likibaki kwenye bodi yenye CH340G, ambayo ni chipu ya kati inayounganisha USB na chipu kuu, pima. Chipu hiyo inahitaji kristali ya megahezi 12. Iliyopasuka kwa kuanguka au iliyolehemiwa vibaya hufanya chipu ijibu ovyo. CH340C haina kristali ya nje, hivyo usiitafute. Tazama pia pini ya V3: chipu ikilishwa volti 5, pini hiyo huwa na kapasita ya mikrofaradi 0.1 kwenda ardhini, ikilishwa 3.3, V3 huunganishwa na VCC. Waliojitengenezea bodi karakana, kama wanafunzi wa VETA Mtwara au Lindi wanaochora saketi zao wenyewe, waangalie pia kama D+ na D− hazikubadilishana nafasi. Kosa hilo huleta 43 au kimya, na tiba yake ni kukata njia mbili na kuzivusha kwa waya mwembamba.

Namba zimepatikana: sasa ni zamu ya draiva

Kifaa kikionekana kwa jina lolote chini ya «Other devices» kikiwa na pembetatu ya njano na kosa namba 28, hiyo ni habari njema. Bodi ni nzima. Bofya kifaa kwa kitufe cha kulia, chagua Properties, nenda Details, kwenye orodha chagua «Hardware Ids». Utaona mstari kama `USB\VID_1A86&PID_7523`. Uandike. Huo ndio unaoamua draiva, si jina la bodi, kwa sababu bodi mbili zinazofanana kwa rangi na maandishi zinaweza kubeba chipu tofauti.

1A86:7523 ni CH340. 1A86:55D4 ni CH9102, inayokuja kwenye bodi nyingi mpya za ESP32. 10C4:EA60 ni CP210x ya Silicon Labs. 0403:6001 ni FT232R ya FTDI, na 0403:6010 ni ndugu yake mwenye njia mbili, FT2232. 067B:2303 ni PL2303 ya Prolific. 2341:0043 ni Arduino Uno R3 halisi. 0483:374B ni ST-LINK/V2-1 iliyomo kwenye Nucleo, na 0483:3748 ni ST-LINK/V2. 303A:1001 ni USB ya ndani ya ESP32-S3 na C3.

Kwa Windows 10 na 11, bodi zinazofuata kanuni ya jumla ya mawasiliano ya poti, kama Uno R3, hazihitaji kupakua kitu. Mfumo huzipa `usbser.sys` iliyomo ndani yake. Windows 7 na 8.1 ndizo zinazodai faili ya INF.

Hizo nyingine, Windows huzitafutia draiva yenyewe mtandaoni, na hapa kuna mtego unaowanasa wengi wanaotumia intaneti ya simu. Windows ikijua kuwa muunganisho wako ni wa kupimwa, yaani umeuwekea alama ya kubana matumizi ya bando, haipakui draiva. Hakuna onyo. Kifaa kinabaki na pembetatu, na mtu anadhani draiva haipo duniani. Fungua Settings, ingia sehemu ya vifaa, tafuta «Download over metered connections» uiwashe kwa muda. Kisha chomoa na uchomeke bodi. Ukimaliza, izime tena bando lisiishe. Draiva nyingine hukaa pembeni zikisubiri idhini yako chini ya «Optional updates» ndani ya Windows Update.

Njia tunayoipendelea kwa mikoa ya Lindi na Mtwara ni kuzipakua mara moja zote ukiwa kwenye mtandao mzuri na kuzitunza kwenye flashi: CH340, CP210x, FTDI, ST-LINK na Zadig (programu ya kubadilisha draiva, tutaifikia mbele). Zote kwa pamoja hazifiki megabaiti 50. Zichukue kwa mtengenezaji wa chipu, si kwenye tovuti zinazoahidi kukutafutia draiva zote za kompyuta kwa bofyo moja; hizo hupachika matangazo na wakati mwingine mabaya zaidi. Tovuti ya ST itakudai anwani ya barua pepe kabla ya kukupa faili, kwa hiyo fanya hilo mapema, si dakika kumi kabla ya kipindi cha maabara. Na flashi inayoingia kwenye kompyuta za steshenari ikaguliwe virusi kila irudipo.

Kusakinisha kwenyewe:

1. Chomoa bodi. Draiva ya ST-LINK hasa inataka kuingia kabla ya bodi.
2. Toa faili zote ndani ya ZIP na uziweke kwenye folda ya kawaida, mfano `C:\draiva\ch340`. Ukifungua kisakinishi kikiwa bado ndani ya ZIP, Windows huchomoa faili hilo moja tu. INF inaitafuta faili ya SYS, ambayo ndiyo draiva yenyewe, na haiioni.
3. Bofya kisakinishi kwa kitufe cha kulia, «Run as administrator». Kama hakuna kisakinishi bali INF tu, fungua dirisha la amri kama msimamizi uandike:

`pnputil /add-driver C:\draiva\ch340\*.inf /install`

4. Washa upya kompyuta kama umeombwa, kisha chomeka bodi na usubiri nusu dakika bila kugusa.

Kisakinishi cha CH340 kina vitufe vya INSTALL na UNINSTALL. Kikigoma, bonyeza UNINSTALL kwanza, kisha INSTALL, bodi ikiwa imechomekwa.

Draiva imeingia na bado kuna pembetatu

Hapa soma namba ya kosa, maana kila moja inaelekeza kwake.

Namba 52 ni sahihi ya kidijitali. Tangu Windows 10 toleo la 1607, draiva mpya za kiini cha mfumo lazima ziwe zimetiwa sahihi kupitia Microsoft. Tiba sahihi ni toleo jipya la draiva kutoka kwa mtengenezaji. Ukilazimika kutumia ya zamani, shikilia Shift huku ukibofya Restart, ingia Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, kisha bonyeza 7. Ruhusa hiyo hudumu hadi utakapozima tena. Angalizo zito: kama diski imefungwa kwa BitLocker, kompyuta inaweza kukudai ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48. Uwe nao mkononi kabla ya kugusa chochote; asiye nao anaweza kubaki nje ya faili zake zote. Kwenye Windows 7, kosa hili mara nyingi husababishwa na mfumo kutoelewa sahihi za SHA-2, na sasisho la KB4474419 la mwaka 2019 hulitibu.

Namba 39 kwenye Windows 11 mara nyingi inatokana na «Memory integrity», ulinzi ulio ndani ya Windows Security chini ya Device security, unaozuia draiva kuukuu. Tafuta draiva mpya kabla ya kufikiria kuuzima. Kama kompyuta yako ina prosesa ya ARM, hakikisha draiva ni ya ARM64; ile ya Intel na AMD haiingii kabisa.

Namba 10 ikiambatana na maneno «PL2303HXA PHASED OUT SINCE 2012. PLEASE CONTACT YOUR SUPPLIER» maana yake draiva mpya ya Prolific imeikataa chipu kwa kuwa ni ya zamani au ya kughushi. Draiva ya miaka ya nyuma huifufua, lakini Windows Update inaweza kurudisha mpya usiku huo huo. FTDI nao waliwahi kuzishughulikia chipu bandia: mwaka 2014 draiva yao iliyopitia Windows Update ilibadilisha PID ya chipu hizo kuwa 0000, na matoleo ya baadaye yalituma maneno «NON GENUINE DEVICE FOUND!» badala ya data. Ukikuta kigeuzi cha FTDI chenye PID ya 0000, unajua kisa chake. Kwa bodi itakayofungwa kazini, mathalani kupima unyevu ndani ya ghala la korosho msimu mzima, ushauri wetu ni kununua kigeuzi cha CH340 au CP2102 badala ya kupigana na chipu ya kughushi.

Draiva isiyo sahihi ikiwa imeshang'ang'ania, kuongeza nyingine juu yake hakusaidii. Iondoe. Kwenye Device Manager chagua «Uninstall device» na uweke alama kwenye kisanduku cha kufuta draiva. Windows ikichukua nyingine kutoka hazina yake, andika `pnputil /enum-drivers`, tafuta jina la asili kama `ch341ser.inf`, soma jina lake la hazina, mfano `oem42.inf`, kisha:

`pnputil /delete-driver oem42.inf /uninstall`

Soma namba hiyo mara mbili. Ukikosea ukaandika ya kadi ya Wi-Fi, umejikatia mtandao.

Tahadhari hiyo hiyo ni ya Zadig, programu inayobadilisha draiva ya kifaa kuwa WinUSB ili zana za kupakia na kukagua programu kama OpenOCD zikitumie. Ukiwasha «List All Devices», orodha huleta pia kipanya na kibodi, na Zadig haitakuuliza mara mbili. Linganisha VID na PID na ulizoandika. Kwa FT2232, badilisha Interface 0 pekee, ambayo ni ya JTAG, njia ya kupakia na kukagua programu. Interface 1 ndiyo poti yako ya mawasiliano, na ukiigusa poti ya COM itatoweka.

Poti ipo, lakini programu haipandi

Sasa kifaa kiko chini ya «Ports (COM & LPT)» bila pembetatu. Draiva imemaliza kazi yake. Ukiona «Access is denied» au poti kuwa na shughuli, programu nyingine imeishikilia, kwa kawaida dirisha la kusomea data uliloliacha wazi kwenye programu nyingine. Zana za zamani hushindwa na poti zilizozidi COM9. Ingia Properties, Port Settings, Advanced, uipe namba ndogo.

Kujua kwa hakika kama njia nzima ni salama, fanya jaribio la mwangwi. Kwenye Uno unganisha RESET na GND ili chipu kuu inyamaze, kisha unganisha pini 0 na pini 1. Kwenye ESP32 DevKit unganisha EN na GND, na TX na RX. Fungua programu ya mawasiliano kama PuTTY kwenye poti hiyo, uandike herufi. Zikirudi kama ulivyoziandika, kebo, chipu na draiva vyote ni vizima, na kosa liko kwenye chipu kuu au mipangilio ya kupakia. Zisiporudi, rudi nyuma.

Kwa wanaotumia Linux

Draiva nyingi zimo tayari ndani ya kiini. Andika `sudo dmesg -w`, chomeka bodi, usome. CH340, CP210x na FTDI huja kama `/dev/ttyUSB0`. Uno R3, ST-LINK/V2-1 na CH9102 huja kama `/dev/ttyACM0`. Ukiambiwa huna ruhusa:

`sudo usermod -a -G dialout $USER`

kisha toka kwenye akaunti na uingie tena. Kwenye Ubuntu 22.04, CH340 hutokea na kutoweka papo hapo kwa sababu huduma ya brltty, ya maandishi ya nukta nundu kwa wasioona, huidhania kuwa kifaa chake. `sudo apt remove brltty` humaliza tatizo, lakini kama kompyuta inatumiwa pia na asiyeona, usiiondoe. Futa tu mstari wa 1a86:7523 kwenye kanuni zake za udev, mfumo wa Linux wa kutambua vifaa.

Darasa zima kwa mara moja

Anayeandaa maabara yenye kompyuta nyingi asisakinishe moja moja. Weka draiva zote zilizotolewa kwenye ZIP ndani ya folda moja ya flashi, kila chipu na folda yake, hakikisha kila moja ina faili ya INF, kisha kwenye kila kompyuta, ukiwa msimamizi:

`pnputil /add-driver E:\draiva\*.inf /subdirs /install`

Badilisha E iwe herufi ya flashi yako. Windows itaziweka hazinani, na bodi yoyote itakayochomekwa baadaye itapata yake bila intaneti. Bandika kwenye kila bodi kipande cha karatasi ya gundi chenye VID na PID yake, na tenga kebo zilizopimwa data kwa kuzifunga alama ya rangi moja, zisichanganyike na za chaja.

Bodi ikikushinda na ukataka kumuuliza fundi aliye mbali, mtumie vitu hivi kwa ujumbe mmoja: toleo la Windows, mstari mzima wa «Hardware Ids», namba ya kosa, maandishi yaliyo juu ya chipu iliyo karibu na tundu la USB, na kama kebo uliyotumia imewahi kuhamisha faili za simu. Kwa hayo matano anaweza kukujibu bila kuiona bodi.